Baba aliambiwa saratani ya pafu "haipasuliki": mionzi mara 30, kutoka Mbeya hadi Ocean Road

Mwanjelwa Juu (mleta uzi)

Wakuu, shikamooni walio wakubwa kwangu, na wengine habari za jioni.

Nasoma humu miaka mingi, kuandika siandiki. Leo imenibidi. Wiki iliyopita jirani yetu hapa Mbeya karudi kutoka hospitali na mumewe, wameambiwa mzee ana saratani ya pafu na haipasuliki. Jioni ile ile mashemeji wakakaa sebuleni wanapanga nani atangulie kijijini. Mgonjwa yuko chumba cha pili, mlangoni ni pazia tu, anasikia kila neno. Nilirudi kwangu usingizi haukuja, maana baba yangu mzazi aliambiwa neno hilo hilo. Huu ni mwezi wa 19 tangu amalize mionzi, na juzi nimemkuta shambani anapalilia viazi.

Sisemi kila mtu itamwendea hivyo. Humu ndani kuna watu wamezika, na mimi mwenyewe nimeona kitanda cha mgonjwa mwingine hospitalini kikitandikwa upya asubuhi. Ninachosema ni kwamba "haipasuliki" maana yake kisu hakifai. Hakuna daktari aliyetuambia haitibiki. Sisi tuliyafanya hayo maneno mawili kuwa moja, na ikatugharimu wiki tatu za kukaa nyumbani tukilia.

Nianze mwanzo. Baba ana miaka 67. Ujana wake umeishia machimbo ya dhahabu Chunya: vumbi la mwamba mchana, sigara za kusokota usiku, na tumbaku kule inalimwa mlangoni. Sigara aliacha muda mrefu. Kilichoanza si kikohozi, ni sauti. Yeye anaimba besi kwaya ya wazee kanisani, na Jumapili moja besi ikatoka kama mtu anakwaruza sufuria. Tukasema mafua. Haikurudi. Baadaye sana tulielezwa kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha sauti upande wa kushoto unashuka mpaka kifuani kabla ya kurudi kooni, na uvimbe ulikuwa umeubana huko chini. Mzee akikwaruza sauti zaidi ya wiki tatu bila mafua, msikae nyumbani.

Kikohozi kilifuata. Kituo cha kwanza, sitakitaja, picha ya kifua ilionyesha kivuli juu ya pafu la kushoto. Makohozi yakapimwa, TB haikuonekana. Akaanzishiwa dawa za TB vivyo hivyo, "tuangalie". Tuliangalia miezi mitano. Kilo 66 zikawa 57. Tukaambiwa aongeze mayai. Asubuhi moja akatema damu kwenye leso, kama kijiko cha chai, nyekundu mbichi, akaikunja ile leso akaiweka mfukoni ili mama asione. Mama aliikuta kwenye kufua.

Hapo ndipo tukaenda hospitali ya Rufaa ya Kanda, CT scan, kisha sindano ya kuchukua kinyama. Jibu: saratani ya pafu, aina inayoitwa ya seli zisizo ndogo, hatua ya tatu B. Daktari kijana kabisa aligeuza bahasha ya picha akatuchorea kwa kalamu. Hili pafu, hapa ndipo uvimbe ulipo, hizi ni tezi za katikati ya kifua, na hizi ni tezi za upande wa pili nazo zimeshaguswa. Akasema nikikata hapa naacha huku, na nikifuata huku nagusa mishipa mikubwa ya moyo. Akaandika rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar. Sisi tulisikia nusu ya kwanza tu.

Aliyetuokoa ni mke wa baba mdogo, muuguzi mstaafu. Aliuliza swali moja: "Wamesema imefika kwenye ini, mifupa, au kichwani?" Hapana. "Basi kwa nini mmekaa hapa?"

Safari ni kilomita zaidi ya 800. Tulitoka alfajiri na basi, na mteremko wa Kitonga alishuka ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, si kwa woga wa kona bali kila basi likirukaruka alikohoa. Tulifikia kwa dada yangu Kimara. Hilo nalo ni la kulipanga mapema, kwa sababu matibabu ya wiki sita si ya kulala gesti. Kila asubuhi mwendokasi Kimara hadi Kivukoni, halafu bajaji mpaka hospitali.

Wiki ya kwanza hakuna mionzi. Walimfanyia CT scan nyingine ya kupanga. Alilazwa mikono ikiwa juu ya kichwa, ameshika vishikizo, akaambiwa apumue kawaida asijivute. Wakamwekea nukta tatu za wino kwa sindano: moja katikati ya kifua, mbili ubavuni. Ndogo kuliko punje ya ulezi. Hazifutiki. Alikuwa na wasiwasi nazo, anaoga anazikwepa na dodoki, mpaka alipoelezwa ni alama za kumlaza palepale kila siku. Halafu tukasubiri madaktari na wataalamu wa vipimo wapige hesabu ya wapi miale ipite isiumize uti wa mgongo na moyo.

Yakaanza. Mara 30, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita, jumla grei 60 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Pamoja na kemo, yaani dawa za saratani za dripu, mara moja kwa wiki. Ndani ya chumba alikaa robo saa, na muda mwingi ni wa kumlaza sawasawa. Mashine inamzunguka, inalia kama friji kubwa, yeye hasikii joto wala maumivu. Siku ya kwanza alitoka akaniuliza, "Wameshaanza?"

Baba ana daftari la mgodini, lile la kuandika gramu na madeni. Alichora mistari 30. Kila akitoka anaweka tarehe, kilo zake, na alichokula. Nilidhani ni tabia ya uzee tu, kumbe lile daftari lilikuja kutusaidia kuliko karatasi zote.

Wiki ya tatu koo la chakula likawaka. Umio unapita katikati ya kifua na tezi zilizokuwa zinapigwa ziko pale pale, kwa hiyo unachubuka kwa ndani. Baba alisema kumeza mate ni kama kumeza kokoto ya moto. Na sisi watu wa nyanda za juu mnatujua, chai isipotoa moshi si chai. Ilibidi iachwe ipoe kabisa, na pilipili ikaondoka. Tukahamia kwenye uji laini, mtindi, viazi vya kuponda na maziwa, na parachichi. Ndugu zetu wa Rungwe walitutumia parachichi kwa basi, dada anaziponda na maziwa mpaka ziwe kama krimu. Daktari alimpa dawa ya maji ya kunywa dakika chache kabla ya kula ili koo life ganzi kidogo. Kwenye daftari kuna ukurasa umeandikwa "kilo 53" na chini yake "parachichi 2, uji vikombe 3, nimelia". Nimeupiga picha huo ukurasa, ninao kwenye simu.

Siku ya 19 aligoma. Alikaa kitandani amevaa, viatu miguuni, akasema imetosha, turudi nyumbani nikafie kwenye baridi yangu. Sikuwa na la kusema. Nilimpa daftari tu, nikamwomba ahesabu mistari iliyobaki. Akahesabu kwa kidole. Kumi na miwili. Akakaa kama nusu saa. Siku hiyo hatukwenda. Kesho yake akatangulia mwenyewe kituoni.

Kilichotokea baada ya kurudi Mbeya nitaandika chini, maana nacho nusura kitumalize. Aliye na swali aulize.

Binti wa Kihesa

Kaka, kamwene. Nimesoma nikiwa kazini, nimelazimika kutoka nje. Mama yangu mkubwa yuko Iringa, miaka 61, wamempa jibu kama la baba yako, hatua ya tatu, na rufaa ya Dar tunayo mkononi tangu Jumanne. Ndugu wanasema akipigwa mionzi haruhusiwi kukaa na watoto, kwamba mwili unatoa miale. Yeye analea wajukuu wanne, mdogo ana miezi minane. Kwa sababu hiyo tu amekataa kwenda. Naomba mwenye uhakika anijibu.

Fundi Mionzi

Dada wa Kihesa, nianze na wewe kwa sababu hili linazuia watu wengi kwenda.

Mimi ni mtaalamu wa tiba mionzi, kituo sitataja, nazungumza kama mtu binafsi. Mionzi ya nje, hii anayolazwa kitandani na mashine ikamzunguka, haibaki mwilini. Mashine za LINAC, ambazo Ocean Road inazitumia tangu 2018, zinatengeneza miale kwa umeme. Ukizima, miale imekwisha, kama taa. Mashine za kobalti-60 zina madini yanayotoa miale muda wote, lakini yamefungiwa ndani ya kichwa kizito cha mashine na hayamgusi mgonjwa. Mama mkubwa akitoka pale anaweza kumbeba yule wa miezi minane siku hiyo hiyo. Hofu ya ndugu zenu inatokana na matibabu mengine, kama madini ya joto yenye mionzi anayomeza mgonjwa wa tezi ya shingo. Huyo kweli anakaa mbali na watoto kwa siku kadhaa. Wa pafu hapana.

Sasa niongeze kwenye aliyoandika mleta uzi, kwa sababu kuna swali moja ambalo familia nyingi haziulizi na baadaye linazaa uchungu. Kabla ya siku ya kwanza mwulizeni daktari: hii mionzi ni ya kutafuta kuponya, au ni ya kutuliza? Mashine ni hiyo hiyo, chumba hicho hicho, lakini ni safari mbili.

Grei 60 mara 30 pamoja na kemo, kama ya baba huyu, ni ya kutafuta kuponya. Inatolewa ugonjwa ukiwa bado uko kifuani na mgonjwa ana nguvu ya kuvumilia. Kuponya si ahadi. Uchambuzi mkubwa uliotoka 2010 ulikusanya majaribio ya wagonjwa wa namna hii: waliopewa kemo na mionzi kwa pamoja, kama 15 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano, na waliopewa kimoja baada ya kingine ni kama 11. Baadaye ikaja dawa ya kuamsha kinga ya mwili, durvalumab, inayotolewa kwa dripu mwaka mzima kwa wale ambao ugonjwa haukuendelea baada ya kemo na mionzi. Majibu yake ya kwanza yalitangazwa 2017, na kwenye jaribio hilo waliokuwa hai miaka mitano baadaye walifika 43 kati ya 100, dhidi ya 33 kwa wasioipata. Bei yake ni kilio, najua, lakini ulizeni.

Mionzi ya kutuliza ni fupi: mara kumi, mara tano, mara mbili zilizoachana wiki moja, wakati mwingine mara moja tu. Kazi yake ni kuzuia damu kwenye kikohozi, kufungua njia ya hewa iliyobanwa, kuondoa maumivu ya mfupa. Kwa damu inafanya kazi vizuri sana, nimeona watu wakiacha kutema ndani ya siku chache. Huyo asiahidiwe kupona, lakini asinyimwe.

Na kuna kundi la tatu ambalo "haipasuliki" yao ni nyingine kabisa. Uvimbe ni mdogo, haujaenda popote, ila mgonjwa moyo ni dhaifu au mapafu yamechoka hawezi kuhimili upasuaji. Duniani hawa wanapigwa mionzi mikali yenye shabaha finyu, mara tatu hadi tano tu, na uvimbe mwingi wa namna hiyo unazimika pale ulipo. Inataka mashine inayoweza kufuata pumzi, kwa sababu uvimbe wa pafu unapanda na kushuka kila mtu akivuta hewa. Ulizeni kama mgonjwa wenu anaingia humo.

Watu wananiuliza kila wiki, kwa nini msimpige nyingi kwa siku moja tumalize? Seli zenye afya zinajitengeneza usiku kucha, za saratani hazijitengenezi vizuri. Ndiyo maana tunagawa. Na kwa nini isiwe grei 74 badala ya 60? Marekani walilijaribu hilo kwa wagonjwa wa hatua ya tatu, matokeo yakachapishwa 2015: waliopewa 74 hawakuishi zaidi, waliishi muda mfupi zaidi. Moyo na mapafu vinalipa.

Mleta uzi, ile siku mliyoruka mliongezewa mwishoni?

Mwanjelwa Juu

Ndiyo mkuu. Iliongezwa Jumatatu ya wiki ya saba. Na tulionywa tusirudie, kwamba matibabu yakivutwa sana uvimbe unapata muda wa kujijenga.

Durvalumab tuliambiwa habari zake. Tulikaa kikao cha ukoo, tukajumlisha, tukaona hata tukiuza kiwanja cha Uyole tungeishia katikati. Baba mwenyewe ndiye aliyefunga kikao. Bado inaniuma mpaka leo.

Ndizi Tukuyu

Mwagonile. Nawasoma kwa heshima, ila naomba niseme la kwangu. Mjomba wangu alitembea kwa miguu yake kwenda kwenye mionzi. Akapigwa mara tano. Mwezi mmoja baadaye tumezika. Kabla ya hapo alikuwa anatumia miti shamba kwa mzee mmoja huku kwetu na alikuwa anakula vizuri. Ukoo mzima unaamini mionzi ndiyo iliyomchoma mapafu. Mimi ndiye niliyemshawishi aende. Naomba msiniambie maneno ya kitabuni, nimeyabeba haya miaka mitatu.

Fundi Mionzi

Kaka, pole sana. Mara tano ni dozi ya kutuliza. Waliompa walikuwa wameshaona ugonjwa umeenea, na walikuwa wanatafuta kumpunguzia kitu fulani. Alikuwa anatema damu? Anabanwa pumzi? Uso unavimba asubuhi?

Ndizi Tukuyu

Uso na shingo. Mishipa ya kifuani ilisimama kama kamba. Hakuweza kulala chali, alilala amekaa.

Fundi Mionzi

Hapo uvimbe ulikuwa umebana mshipa mkubwa unaorudisha damu ya kichwani na mikononi kwenye moyo. Hiyo ni dharura. Baada ya mionzi alilala?

Ndizi Tukuyu

Alilala. Wiki mbili za mwisho alilala chali na mto mmoja. Mama alishangaa.

Hakuna aliyetueleza hivyo. Sisi tulijua kaenda kutibiwa apone. Ukoo nitaongea nao.

Makete Baridi

Nami niongeze, kwa kuwa wengi mnataja sigara. Mama yangu hakuvuta hata siku moja. Alipikia kwenye jiko la kuni miaka zaidi ya arobaini, moto katikati ya nyumba, na kule kwetu baridi ya Juni na Julai hakuna anayefungua dirisha. Paa la jikoni lilikuwa jeusi linang'aa kama limepakwa lami. Ukipitisha kidole kinatoka na masizi mazito. Pafu lake lilivuta hayo hayo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeuweka moshi wa kuni wa majumbani kwenye kundi la vitu ambavyo huenda kwa kiasi kikubwa vinasababisha saratani, na ule wa makaa ya mawe kwenye kundi la vinavyosababisha bila shaka. Nilijua haya baada ya kumzika.

Kwake iligunduliwa ikiwa imeshafika kwenye uti wa mgongo. Alipigwa mionzi mgongoni mara moja tu, grei 8. Mara moja. Tulihisi tumefanyiwa dharau, safari yote ile kutoka Makete kwa dakika kumi. Lakini siku ya tisa alijigeuza mwenyewe kitandani kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili. Kwa maumivu kidogo yaliyobaki alipewa mofini ya maji, hospitali ya misheni ndio waliokuwa nayo, na waliifuatilia mpaka nyumbani kwa pikipiki. Wanaiita tiba shufaa. Watu wanaikimbia mofini wakidhani ni dawa ya kuua. Mama yangu aliitumia miezi minne, akasuka vikapu viwili vya milulu ndani ya miezi hiyo. Kimoja ninacho.

Jambo moja la kukimbilia: mgonjwa mwenye maumivu ya mgongo akianza kuvuta miguu, au akashindwa kukojoa, hiyo ni safari ya siku hiyo hiyo. Ukichelewa miguu hairudi.

Binti wa Kihesa

Poleni sana wote. Fundi, nimemsomea mama mkubwa majibu yako kwa simu. Amenyamaza, akaniuliza kama una uhakika na wa miezi minane. Nikamsomea tena. Kasema atafikiria.

Kaka Mwanjelwa, bima hana. Tunaanzia wapi? Na umesema mlirudi Mbeya kukatokea nini?

Mwanjelwa Juu

Dada, bima: baba alikuwa kwenye ya kwangu ya kazini, kwa hiyo sikupita njia yenu. Ila Ocean Road nilikaa na watu wasio na bima na wote walianzia kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, kabla ya kulipa chochote. Barua ya serikali ya mtaa iwe tayari. Na bebeni kila kitu: jibu la kinyama, sidii ya CT scan yenyewe siyo maelezo peke yake, na rufaa. Kuna baba mmoja wa Ludewa alirudishwa kufuata jibu la maabara, na huyo alikuwa ameshamaliza nauli.

Sasa la kurudi. Baba alimaliza, koo likapona ndani ya wiki tatu hivi, kilo zikaanza kupanda. Mwezi wa pili tukiwa Mbeya, akaanza kikohozi kikavu na kuhema. Homa kidogo. Kupanda kilima cha kwetu anasimama mara nne. Tukasema ni hewa ya huku, Mbeya iko juu mita kama 1,700, Dar alikuwa usawa wa bahari. Tukaenda kituo cha karibu. Picha ya kifua, kivuli. Na nini kilifuata? Dozi ya antibayotiki, kisha mazungumzo ya TB upya. Nilihisi miguu inaisha nguvu, ndugu wakaanza kusema imerudi.

Nikakumbuka daftari. Siku ya mwisho Dar baba alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Mwezi 1 hadi 6 kikohozi kikavu na kuhema, SEMA ULIPIGWA MIONZI." Daktari alimwambia, na yeye akaandika, sisi tulikuwa tunafikiria basi. Tulirudi Rufaa, tukaonyesha ule ukurasa pamoja na karatasi za dozi. CT scan ikaonyesha pafu limevimba palepale miale ilipopita, si uvimbe mpya. Akaanzishiwa prednisolone, dawa ya kutuliza pafu lililovimba, ikapunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Siku ya nne alilala usiku mzima. Angekunywa dawa za TB miezi sita mingine, sijui leo ningekuwa naandika nini hapa.

Fundi Mionzi

Natamani ukurasa huo ubandikwe kila ukuta wa zahanati. Mgonjwa anatibiwa Dar, madhara yanamkuta Mbozi au Makete, mbele ya tabibu ambaye hajawahi kuona pafu lililopigwa mionzi. Karatasi ya dozi isiachwe nyumbani hata akienda kutibiwa mafua. Na hizo prednisolone zisikatwe ghafla, kuhema kunarudi.

Makete Baridi

Baba anaimba tena?

Mwanjelwa Juu

Besi haijarudi yote. Anaimba kwa chini, wenzake wamemsogeza mstari wa mbele karibu na mwalimu. CT scan ya mwezi uliopita inaonyesha kovu, na kilichobaki hakijakua. Tunarudi baada ya miezi mitatu. Kila tukikaribia tarehe hiyo nyumba nzima haili vizuri.

Jirani yangu niliyemtaja juu nimekwenda kwake jana na daftari la baba. Mume alikuwa amekaa nje kwenye jua. Nilimsomea kurasa mbili, akaomba ya siku ya 19 nirudie. Wanaondoka wiki ijayo.

Binti wa Kihesa

Mama mkubwa amekubali. Ana miadi Ocean Road Alhamisi ijayo. Wajukuu watakaa kwangu. Kaka, unaweza kuniandikia zile siku za chakula, jinsi baba alivyokula wiki ya tatu na ya nne? Yeye ni mtu wa chai ya moto kuliko wote.

Mwanjelwa Juu

Nimemwambia baba. Amekaa tangu saa nane mezani ananakili mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, hataki nipige picha, anasema mwandiko wake wa Dar ulikuwa wa mgonjwa. Jumapili basi linapita Ipogolo kama saa tano asubuhi. Nitamkabidhi konda bahasha na parachichi kumi. Nitumie namba faragha, dada, uje uvipokee.